Kiini cha seli nacho kina ugumu wake: niliyoyaona kwenye slaidi za damu

Mimi ni mtu wa maabara, upande wa hematolojia, na kwa miaka mingi kazi yangu kubwa imekuwa FBP, kipimo cha picha kamili ya damu, yaani mashine inatema namba na pale inapoweka alama kwamba kuna kitu haikielewi basi mtu unatengeneza smia, damu iliyopakwa kwenye slaidi, unaisoma kwa macho yako. Naandika hii kwa ajili ya wenzangu wa maabara na madaktari wadogo wadogo, na yeyote anayependa biolojia, maana kuna jambo linapita mbele yetu kila siku kwenye mikroskopu na wengi wetu tunalipita tu. Kiini cha seli ni kitu chenye ugumu. Kinabonyea, kinavutika, kinapasuka, na mwili wenyewe unapanga kiini cha seli gani kikaze na cha seli gani kilegee, kwa kutumia protini ambazo zinajulikana kwa majina kabisa.

Chuoni hatukufundishwa hivyo. Kiini ni ubongo wa seli, kinatunza DNA, kina utando wa tabaka mbili wenye vitundu, chora, weka majina, rudisha karatasi. Hakuna aliyeuliza ule utando unashikiliwa na nini usijikunje, au seli ikipita mahali pembamba kuliko kiini chake inakuwaje. Mi mwenyewe wala halikunijia kichwani. Lilikuja kazini.

Nianze na smia, maana wasio wa maabara hawajui inavyotengenezwa. Unaweka tone dogo la damu karibu na mwisho wa slaidi, unachukua slaidi ya pili unaiegemeza kama digrii 30 hadi 45, unairudisha nyuma taratibu mpaka iguse tone, damu inatambaa kwenye ukingo wote, halafu unasukuma mbele mara moja bila kusitasita. Inabaki filamu nzito upande wa kichwa na nyembamba upande wa mkia. Ikauke, uipitishe kwenye methanoli, uipige rangi ya Leishman au Giemsa, uweke mafuta, lenzi ya mia, unaanza kuhesabu. Sasa tunachosahau ni kwamba ule msukumo ni nguvu, zile seli zimeburuzwa juu ya kioo. Nyingi zinavumilia, nyingine zinapasuka na kiini kinamwagika, unakuta doa la zambarau limesambaa halina ukingo wala saitoplazimu. Hizo ndo tunaita smaji, na kwa kawaida ukiziona unalaumu mkono wa aliyetengeneza.

Tulikuwa na fundi sanifu mmoja aliyekuwa anakaribia kustaafu, sote tulimwita Mzee. Siku moja ilikuja sampuli ya babu mmoja, limfosaiti (aina moja ya seli nyeupe za damu) zimepanda kupita kiasi, na kila ukisogeza slaidi ni smaji, smaji, smaji. Intern wetu akasema basi nimeharibu, ngoja nirudie. Mzee akavuta kiti, akaweka jicho, akasogeza slaidi kidogo huku na kule, akamwambia, "Mwanangu, kama tatizo lingekuwa mkono wako, hizi nyutrofili zingeponea wapi?" Na kweli, slaidi ni moja, msukumo ni ule ule, nyutrofili, aina nyingine ya seli nyeupe, ziko nzima kabisa na limfosaiti ndo zimechakazwa. Akamtuma benki ya damu akachukue albumini ya ng'ombe, protini ile tunayotumia kwenye kroschi (kulinganisha damu ya mtoaji na ya mgonjwa), tone moja likachanganywa na matone matano ya damu, smia ikatengenezwa upya. Smaji karibu zote zikaisha. Mahali pake zikatokea limfosaiti ndogo nzima, kromatini, yaani DNA pamoja na protini zake, imegandana mabonge mabonge, picha ya saratani ya damu inayoitwa leukemia sugu ya limfosaiti kama ilivyo kwenye atlasi.

Mimi hapo ndo nilianza kushtuka. Kumbe kila nikisukuma slaidi nilikuwa napima uimara wa seli bila kujua. Baadaye nikaja kusoma utafiti uliochapishwa 2009 uliowafuatilia wagonjwa wa leukemia hiyo, ukaonyesha kwamba wale wenye smaji nyingi walikuwa wanaishi muda mrefu zaidi kuliko wenye chache, na imeonekana pia kwamba smaji zinaongezeka pale ambapo seli ina vimentini kidogo. Vimentini ni protini ya nyuzi, inajenga kiunzi ndani ya saitoplazimu na kukizunguka kiini. Yaani kitu tulichokuwa tunakiita uchafu wa slaidi kilikuwa kinatuambia protini gani imepungua kwenye seli za mgonjwa! Na hii vimentini ina ndugu zake wanaokaa ndani ya kiini chenyewe, nitawafikia sasa hivi.

Kwanza lile la mtoto.

Aliletwa mtoto wa kama miaka mitano, na faili limejaa. Kila akipimwa FBP mashine inasema kuna nyutrofili changa nyingi, zile tunaita bendi, na bendi nyingi maana yake kwa daktari ni kwamba uboho unatoa askari kwa haraka, kuna maambukizi ya bakteria. Basi anaandikiwa antibayotiki. Wiki chache mbele anapimwa tena kwa mafua tu, bendi zile zile, antibayotiki nyingine. Mama yake alichoka, akaniambia pale dirishani, "Dada, mtoto anacheza, anakula, homa hana, mbona damu yake kila siku mbaya?" Nikatengeneza smia. Kweli nyutrofili karibu zote zilikuwa na kiini cha vipande viwili tu, vya duara, vimeunganishwa na kauzi kembamba, wakati nyutrofili iliyokomaa inatakiwa iwe na lobu tatu mpaka tano. Ila kuna kitu kilikataa. Bendi ya kweli kromatini yake bado ni laini, haijagandana sana, na hizi zilikuwa na kromatini nzito ya seli iliyokomaa kabisa. Nikamwita Mzee. Akaangalia muda mrefu bila kusema kitu halafu akatoka nje akamfuata yule mama.

"Mama, samahani, na wewe tukutoe damu kidogo."

"Mimi tena baba? Mbona mi siumwi?"

"Ndo maana nakuomba."

Damu ya mama ilikuwa vile vile, viini vya vipande viwili viwili vya duara. Mzee akaandika ripoti kwa mkono, Pelger-Huët, hali ya kurithi, isitafsiriwe kama maambukizi. Mama akaondoka na karatasi yake, na aliambiwa aitunze na aionyeshe kila hospitali atakayokwenda.

Jina hilo linatokana na Waholanzi wawili. Karel Pelger aliielezea 1928, na kwa sababu wagonjwa wake walikuwa na kifua kikuu akadhani ni dalili mbaya ya ugonjwa ule. Mwaka 1931 Huët, daktari wa watoto, akaonyesha kwamba ni ya kurithi na mwenye nayo anaishi vizuri tu. Chanzo chake kikajulikana 2002, ni hitilafu kwenye jeni ya protini inaitwa LBR, kirefu chake ni kipokezi cha lamini B. Hii LBR imechomekwa kwenye utando wa ndani wa kiini, upande mmoja inashika lamini, nyuzi za protini zilizo chini ya utando huo, na upande mwingine inashika kromatini. Ikiwa nusu tu, kiini cha nyutrofili kinashindwa kujigawa lobu. Ukirithi nakala mbovu kutoka kwa wazazi wote wawili nyutrofili zinakuwa na kiini cha duara kabisa, na hapo mambo yanaweza kuwa mazito, mpaka kwenye mifupa.

Mimi swali lililonibaki ni hili: kama lobu zile ndo zinamsaidia nyutrofili kupenya, maana ndivyo tulivyofundishwa na hata mimi niliwafundisha wanafunzi hivyo, kwamba kiini kimegawanyika ili kipite kipande kipande kwenye ukuta wa mshipa, mbona huyu mama mwenye lobu mbili hana shida yoyote na maambukizi?

Jibu nililipata mbali. Nikaja kupata nafasi ya masomo Uholanzi, na mafunzo ya vitendo tukafanyia kwenye maabara moja ya biofizikia ya seli, mahali ambapo watu hawapimi mgonjwa wala hawatoi ripoti, wao kazi yao ni kuvuta na kuminya seli. Wana pipeti ya kioo iliyovutwa kwa joto mpaka ncha yake inabaki na tundu la maikromita chache, dogo kuliko seli yenyewe. Nyuma yake kuna mrija wa maji unaokwenda kwenye chombo kidogo kinachopanda na kushuka, ukikishusha unapata mvuto mdogo sana ambao unaweza kuuhesabu. Unaisogeza ncha mpaka iguse seli, unashusha chombo, na kwenye skrini unaona seli inaanza kunyonywa. Kiini kimepakwa rangi inayoshika DNA kwa hiyo kinang'aa bluu, unakiona waziwazi kinavyofika mdomoni mwa pipeti na kukwama.

Tulipewa fibroblasti, seli za tishu unganishi, za panya za aina mbili. Za kwanza za kawaida, kiini kinaingia kidogo, kinasimama, hata ukisubiri hakiongezeki sana. Za pili zilitoka kwa panya waliotolewa jeni inaitwa LMNA, ya kutengeneza baadhi ya lamini. Mvuto ule ule, ncha ile ile, kiini kikateleza ndani kikawa kirefu chembamba, kinaendelea tu kuingia. Mwalimu wetu, kijana mdogo kuliko mimi na huko wanaitana majina ya kwanza hata kwa profesa, jambo ambalo sikulizoea mpaka naondoka, akasema hizo seli wala haziumwi zikiwa kwenye sahani, zinagawanyika vizuri, tatizo linakuja zikivutwa. Na panya wenyewe? Wanazaliwa wazima, halafu misuli inaanza kuharibika na wanakufa kabla au karibu na wiki ya 8.

Hizo lamini ndo ndugu wa vimentini niliosema. Zote ni za familia ya nyuzi za kati, ila lamini zinakaa ndani ya kiini, zinasuka wavu chini ya utando wa ndani. Jeni ya LMNA, iko kwenye kromosomu ya 1, inatoa lamini A na lamini C. Lamini B1 na B2 zina jeni zao kila moja. Wavu wenyewe ni mwembamba wa ajabu, picha zilizochapishwa 2017 zilizopigwa kwenye seli zilizogandishwa zilionyesha nyuzi za unene wa nanomita 3.5 hivi, na tabaka zima nanomita kama 14. Hicho ndo kinachokishikilia kiini chenye DNA ya karibu mita 2 ikinyooshwa! Na katika hizo lamini, ile A ndo inabeba mzigo mkubwa wa ugumu. Kwenye fibroblasti za panya zisizo na lamini B1 ugumu wa kiini ulibaki wa kawaida, kilichoonekana zaidi ni vinundu vinavyotokeza pembeni ya kiini.

Ila wavu hauko peke yake, na hapa ndo pazuri. Kwenye sahani ya tatu seli zilikuwa zimewekewa dawa inayofanya kromatini ifunguke, ile minyororo ya DNA na histoni isikae imebanana. Lamini zote zipo, hazijaguswa. Na bado kiini kikawa laini, lakini laini ya namna nyingine, kinakubali haraka mwanzoni kisha kinakaza. Chukua mto wa sufi wa kulalia. Ukiubonyeza kidogo kwa kidole unachokisikia ni sufi, imejaa au imelegea, ila ukiushika ncha mbili ukauvuta kwa nguvu kinachokataa ni kitambaa. Utafiti uliochapishwa 2017 kutoka Marekani ulipima hivyo hivyo kwa kuvuta kiini kimoja kimoja kwa pipeti mbili: mvuto mfupi, chini ya maikromita 3, anayejibu ni kromatini, na ukizidi hapo lamini A ndo inakaza. Kwa mtu wa hematolojia hii ni dhahabu, maana sisi kromatini tunaiandika kwenye ripoti kila siku, imegandana, imefunguka, laini, nzito, na tunaitumia kujua umri wa seli. Kumbe maneno hayo hayo yanaelezea pia sehemu ya ugumu wa kiini.

Basi nikamuuliza yule mwalimu swali langu la Pelger. Akanitafutia utafiti wa 2013 ambao watafiti walitumia HL-60, seli za leukemia ambazo maabara inaweza kuzikuza zikawa kama nyutrofili, wakazipitisha kwenye vijia vyembamba vya mikromita chache. Walipozilazimisha kutengeneza lamini A nyingi zikawa zinachelewa kupita. Walipovuruga lile umbo la lobu, upitaji haukubadilika sana. Yaani kinachofanya nyutrofili ipenye kirahisi zaidi ni ule uhaba wa lamini A, nyutrofili inapokomaa inaipunguza sana. Lobu ni umbo linalokuja na hali hiyo, siyo ufunguo wa mlango. Nilifurahi kupita kiasi, nikamfikiria yule mama na lobu zake mbili anapita zake mtaani hajui kwamba watu wamekaa Ulaya wanajadili kwa nini hasumbuliwi na majipu.

Kulegea huko nako kuna gharama. Kundi la mtafiti Discher wa Pennsylvania lilionyesha 2014 kwamba seli zilizopunguziwa lamini A zinapita vizuri kwenye matundu madogo lakini ukizidi kuipunguza nyingi zinakufa baada ya kupita. Nyutrofili hajali, yeye maisha yake ni mafupi, anatoka uboho, anafika kwenye jeraha, anamaliza kazi. Seli ya msuli wa moyo haina anasa hiyo, ile unazaliwa nayo na nyingi unazeeka nazo, na inavutwa kila sekunde.

Kundi hilo hilo 2013 lilikuwa limepima tishu mbalimbali, kuanzia ubongo ambao ni laini mpaka mfupa, na likakuta kadri tishu inavyokuwa ngumu ndivyo lamini A inavyoongezeka kwenye viini vya seli zake, huku lamini B zikibaki karibu pale pale. Na seli inaweza kujirekebisha. Seli ile ile ikilazwa juu ya jeli laini lamini A inapungua, ikilazwa juu ya jeli ngumu inaongezeka. Kiini kinajuaje nje kukoje? Kinavutwa. Kuna protini zinaitwa SUN kwenye utando wa ndani na nesprini kwenye utando wa nje, zinashikana katikati ya tabaka mbili, upande mmoja zimefungwa kwenye lamini na upande mwingine kwenye kiunzi cha saitoplazimu, na kiunzi kimefungwa kwenye utando wa nje wa seli yenyewe. Huko Boston 1997 waliwahi kubandika shanga ndogo kwenye ngozi ya seli, wakaivuta shanga, na kiini ndani kikasogea na kubadilika umbo. Mimi kwenye smia naona seli zimetulia zimepakwa rangi, ni rahisi kusahau kwamba zilipokuwa hai zilikuwa zinavutana hivyo.

Magonjwa sasa. Jeni hii moja, LMNA, ikiharibika sehemu moja unapata udhaifu wa misuli wa Emery-Dreifuss, viwiko na visigino vinakaza mapema, misuli ya mabega inaisha, na hatari yake kubwa ni umeme wa moyo kuvurugika. Hilo lilijulikana 1999. Kabla yake, 1994, ugonjwa huo huo ulikuwa umepatikana kwenye jeni nyingine ya kromosomu X, inayotoa emerini, na emerini nayo inakaa wapi? Kwenye utando wa ndani wa kiini, imeshikana na lamini. LMNA ikiharibika sehemu nyingine moyo peke yake unatanuka. Sehemu nyingine tena, mafuta ya mwilini yanahama, mikono na miguu inakonda. Kwa nini jeni iliyoko karibu kila tishu iumize mahali fulani tu? Maelezo makubwa ni mawili na watafiti wanayachanganya: kwamba viini dhaifu vinaharibika kwenye tishu zinazovutwa sana, na kwamba lamini zinashika kromatini pembeni ya kiini kwa hiyo zikiharibika hata usomaji wa jeni unavurugika. Mimi kwa ninavyoona la kwanza linaelezea misuli na moyo vizuri, lile la mafuta linahitaji la pili.

Halafu kuna projeria, watoto wanaoonekana kuzeeka wakiwa wadogo, hutokea kwa mmoja katika kama vizazi milioni 4. Mwaka 2003 ilijulikana kwamba wengi wao wana badiliko la herufi moja tu kwenye LMNA. Kwa kawaida lamini A inatengenezwa ikiwa na mkia wa mafuta, kisha mkia unakatwa. Badiliko lile linafanya protini ipoteze asidi amino 50, na humo ndo kulikuwa na mahali pa kukatia, kwa hiyo mkia unabaki na protini, sasa inaitwa projerini, inang'ang'ania kwenye utando. Wavu unanenepa, kiini kinajaa mikunjo na, tofauti na wale panya, kinakuwa kigumu kupita kiasi, hakijipangi upya kikivutwa. Seli za misuli laini ya mishipa ya damu zinakufa, na bila dawa watoto hawa huishi kwa wastani miaka kama 14 na nusu, moyo au kiharusi ndo vinawachukua. Lonafanibi, dawa inayozuia ule mkia wa mafuta usiwekwe, iliidhinishwa Marekani Novemba 2020. Inaongeza muda, haiponyi. Hili lilinisumbua sana kwa sababu nilikuwa nimeshajijengea picha kwamba kiini kigumu ndo kizuri na kilegevu ndo kibaya, na hapana, kila seli ina kipimo chake.

Na saratani inalitumia hilo. Mwaka 2016 makundi mawili, moja Marekani na jingine Paris, yalionyesha kwa wakati mmoja seli zikipenya kwenye vijia vyembamba kuliko viini vyao: utando wa kiini unapasuka, vilivyomo vinavuja, DNA inaumia, halafu mashine ya protini inaitwa ESCRT-III inakuja kuziba na seli nyingi zinaendelea na safari. Kwa seli ya saratani kuumia DNA hapa na pale ni nafasi nyingine ya kubadilika. Wenzetu wa histolojia wanaosoma saitolojia ya shingo ya kizazi wameishi na mambo haya miaka yote, kiini kikubwa, ukingo una mikunjo, kromatini imekaa vibaya, wanaandika kiwango kisha wanaendelea na slaidi nyingine. Nilipowaelezea lamini mmoja akaniambia, "Kwa hiyo ninachokisoma ni wavu ulioharibika?" Nikamwambia mara nyingine ni wavu, mara nyingine sufi.

Niliporudi kazini sikurudi na pipeti ya kioo wala sikuhitaji. Vilivyobadilika ni vitu vidogo. Smaji zikizidi sisemi rudia, nasema zihesabu, andika, kisha tengeneza ya pili yenye albumini ili tuweze kutofautisha seli vizuri, na usizitoe smaji kwenye hesabu maana nyingi zilikuwa limfosaiti. Nyutrofili zenye lobu 6 nazo naziuliza mapema, naomba vipimo vya vitamini B12 na foleti, huenda zimepungua. Na kwenye ripoti tunaelezea umbo la kiini na hali ya kromatini kwa maneno, hata kama mashine imeshatoa asilimia zake, kwa sababu asilimia ya bendi haisemi kama kromatini imegandana.

Kwa madaktari: mashine ikikuletea bendi nyingi na mgonjwa wako hana homa, CRP (kipimo cha damu cha uchochezi) iko chini, na rekodi zake za nyuma zinasema vile vile, omba slaidi isomwe kabla hujaandika antibayotiki. Tukikurudishia kwamba viini ni vya vipande viwili viwili vya duara na kromatini ni ya seli iliyokomaa, muombe aje na mzazi mmoja au ndugu wa damu tumpime. Tukiwakuta wote wako hivyo, ni ya ukoo. Tukikuta ni yeye peke yake, na hasa kama ni mtu mzima ambaye slaidi zake za zamani zilikuwa na lobu za kawaida, hiyo inaweza kuwa Pelger ya bandia, inatokea kwenye magonjwa ya uboho kama MDS, ambapo uboho unatengeneza seli zenye kasoro, na kwa baadhi ya dawa, na huyo usimwambie aende nyumbani, mpeleke kwa daktari wa damu.